Barua Mbili, Muhuri Mmoja

Mara ya nne Mama Breki alipofika kwenye ile ofisi ya bima, mlinzi wa mlangoni hakumuuliza tena anakwenda wapi. Alimtazama tu, akatikisa kichwa kama anayemwona mgonjwa aliyerudishwa wodini, akamwachia mlango. Hilo lilimchoma kuliko kuulizwa.

Jina la Mama Breki alipewa na watoto wa shule. Kwa miaka mitano alikuwa akiwapeleka shuleni na kuwarudisha kwa gari lake la viti kumi na vinne, na kwa miaka yote hiyo alikuwa anaanza kukanyaga breki mita hamsini kabla ya kila kona, kila tuta na kila kuku aliyekuwa akifikiria kuvuka. Watoto walimcheka. Wazazi walilala usingizi. Halafu shule ikanunua basi lake lenyewe, na gari la Mama Breki likabaki mbele ya nyumba linapigwa jua, huku mume wake, fundi cherehani aliyefanyia kazi barazani, akiivuta nyumba peke yake kwa kupunguza suruali za watu na kushona sare.

Ndipo hospitali ikatangaza kazi. Walitaka magari ya kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani, kuwafikisha kwenye mashine za kusafisha damu na kuwarudisha, mkataba wa miaka miwili. Masharti hayakuwa mengi: leseni, gari zima, na barua ya bima kuonyesha kwamba gari limekuwa na bima miaka mitano mfululizo na halijadaiwa fidia ya ajali hata moja. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa, saa sita mchana.

Kampuni aliyokuwa nayo sasa ilimpa barua ya mwaka mmoja siku ileile aliyoomba. Miaka minne ya nyuma ilikuwa kwa hawa wa ofisi hii, kampuni aliyoihama baada ya kupandishiwa malipo karibu mara mbili bila maelezo ya maana.

"Mtambo haufanyi kazi," alisema binti wa dirisha la tatu, bila kuinua macho.

"Jana ulisema mwenye funguo za kabati hayupo."

"Jana alikuwa hayupo. Leo mtambo."

"Na juzi?"

"Mama, kuna watu nyuma yako."

Kweli walikuwepo, na wote walikuwa wanasikiliza. Mama Breki alishika kingo za dirisha. "Binti yangu, nahitaji karatasi moja tu. Miaka minne nimewalipa nyinyi, sijawahi kuchelewa hata siku moja. Niandikieni kwamba nilikuwepo."

Mlango wa ndani ukafunguka. Meneja akatoka na kijiti cha meno mdomoni, mtu mnene wa mabega na mwembamba wa sauti. "Huyu mama bado tu?" akauliza, kana kwamba anauliza habari ya bomba linalovuja. Kisha akamgeukia. "Wewe si ulituhama? Ulipoondoka hukutuaga. Leo umekwama ndiyo unatukumbuka. Hapa tunahudumia wateja, mama. Wewe tunakuhudumia kwa hisani tu, na hisani haina haraka."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Si kwa ubaya labda, ila alicheka. Mama Breki akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Asante, bosi," na hilo "asante" likamkaa kooni kama mfupa mpaka alipofika kwenye gari. Akakaa nyuma ya usukani bila kuwasha. Akafungua daftari lake la safari, lile alilozoea kuandika watoto wangapi wamepanda na wangapi wameshuka, akaandika tarehe, saa, na neno kwa neno alichoambiwa. Chini yake akapiga mstari mara mbili hadi karatasi ikatoboka.

* * *

Jambo la ajabu ni kwamba mtu wa kumsaidia alikuwa ndani ya ofisi ileile. Shemeji yake, mdogo wa mumewe Fundi, alikuwa wakala pale. Mtaa mzima ulimwita Mtanashati. Fundi ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki, akamsomesha kwa sindano na uzi, na mpaka leo ndiye anayemshonea kila suti anayovaa kazini, bure. Mtanashati ndiye aliyemwandikisha Mama Breki bima tangu mwanzo. Siku alipohama alinuna wiki nzima.

Alipoombwa habari ya barua, alisema, "Niachie mimi, shemeji. Ukienda mwenyewe utawachanganya." Siku kumi zikapita. Kila akiulizwa ilikuwa "leo jioni," na jioni ilikuwa "kesho asubuhi." Fundi alimtetea. "Kijana ana mambo mengi. Usimsukume."

"Simsukumi. Ninasukumwa mimi," alijibu mkewe.

Jumanne alikwenda mara ya tano, na siku hiyo meneja alikuwa kwenye semina. Binti wa dirisha la tatu naye alikuwa amekwenda kunywa chai. Dirishani alikaa mama mmoja wa makamo aliyevaa sweta na kandambili za ndani, mtunza faili wa miaka mingi aliyebakiza wiki mbili kustaafu. Alisikiliza, akaandika namba ya gari, akabonyeza, na mashine nyuma yake ikatema karatasi. Akaigonga muhuri, akampa.

"Ndiyo hiyo tu?" Mama Breki hakuamini.

"Ndiyo hiyo tu. Barua hizi zinatoka zenyewe kwenye mtambo, sisi tunagonga muhuri. Nani kakuzungusha?"

Mama Breki alikuwa anasoma. Miaka minne, sawa. Jina lake, sawa. Namba ya gari, sawa. Kisha mstari wa chini: *Ajali moja. Gari limeharibika kwa kiasi kikubwa. Fidia imelipwa yote.* Na tarehe, kumi na tisa ya mwezi wa tatu, miaka miwili iliyopita, saa mbili asubuhi.

"Mama yangu," alisema polepole, "gari hili halijawahi kukwaruzwa hata kioo cha pembeni. Liko hapo nje. Njoo ulipapase."

Mtunza faili alimtazama usoni kwa muda, kwa macho ya mtu aliyeona mengi na hakuulizwa. Akavuta kiti, akaingia chumba cha nyuma, akarudi na faili. Alilifungua juu ya meza, akaligeuza lielekee kwa mteja, kisha akaanza kutafuta miwani yake, ingawa miwani ilikuwa usoni.

Ndani kulikuwa na picha za gari lililopondeka, la aina moja na lake, rangi moja, limefungwa kibao cha namba yake. Fomu ya madai ilikuwa na sahihi ya jina lake iliyoandikwa na mkono usiokuwa wake. Penye *Imeidhinishwa na*, meneja. Penye *Aliyepokea hundi kwa niaba ya mteja*, kwa mwandiko mzuri wa kulaza herufi aliokuwa akiuona kila mwaka kwenye kadi za sikukuu, jina la shemeji yake.

"Unaweza kunitolea nakala?"

"Mashine imewashwa," alisema mtunza faili. "Na mimi macho yangu ni mabovu."

* * *

Ile tarehe hakuhitaji kuikumbuka, kwa sababu daftari la safari lilikuwa linaikumbuka. Kumi na tisa ya mwezi wa tatu: watoto kumi na watatu, mmoja mgonjwa, wameshuka getini saa mbili na dakika tano. Pembeni kulikuwa na sahihi ya mwalimu wa zamu, kama kila siku. Saa ambayo gari lake lilikuwa linapondeka kwenye karatasi za bima, lenyewe lilikuwa limesimama getini na mtoto anatafuta kiatu chake chini ya kiti.

Na kitu kingine kikamjia. Mwezi wa sita wa mwaka ule ndipo alipopandishiwa malipo. Kumbe alikuwa analipia ajali. Na mwezi wa tano ilikuwa harusi ya Mtanashati, ukumbi wenye mataa na keki ya ghorofa nne. Mama Breki ndiye aliyewabeba wageni usiku kucha kwa gari lilelile, bila kudai hata mafuta, kwa kuwa ni shemeji.

Jumatano alasiri Mtanashati alikuja kujipima suti mpya. Mama Breki alimkuta barazani amesimama juu ya kigoda, suruali imejaa pini kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo, na Fundi amepiga magoti chini yake na pini nyingine tatu midomoni.

"Shemeji," alisema Mama Breki, "hivi ile ajali yangu, niliumia?"

"Ajali gani tena, shemeji?" Mtanashati alicheka.

Akainua ile nakala mbele ya macho yake. Kicheko kikaisha katikati. Alitaka kushuka, pini zikamchoma, akasimama palepale na mikono kaitanua kama nguo iliyoanikwa.

Fundi alitoa pini mdomoni, moja moja. "Nini hicho?"

"Msomee kaka yako," alisema Mama Breki. "Mwandiko ni wako."

"Kaka, meneja ndiye aliyeleta wazo," alianza Mtanashati. "Alisema ni karatasi tu. Hakuna aliyeumia. Wanafanya kwa magari mengi, siyo hili peke yake. Nilikuwa na harusi, nilikuwa... Kaka, nilitaka kukuambia."

"Ulitaka lini?" aliuliza Fundi.

"Shemeji, sikiliza. Naliweka sawa. Kesho. Meneja mwenyewe atakuandikia barua safi, isiyo na doa, na muhuri juu. Ijumaa unaipeleka hospitali, unapata kazi yako. Nani kapoteza?"

Mama Breki alimtazama Fundi, aliyekuwa bado amepiga magoti, akimwangalia mdogo wake kutoka chini kama mtu anayesoma kibao cha njia asiyoijua.

"Mama," Fundi alisema mwishowe, na sauti ilikuwa ya kuomba, "akuletee hiyo barua. Yaishe ndani ya nyumba. Huyu ni damu yangu."

"Nitakwenda kuichukua mwenyewe," alisema mkewe.

Hakusema amesamehe. Hakusema yameisha. Lakini alisema kwa upole, na wale ndugu wawili wakasikia walichotaka kusikia. Mtanashati akapumua. Fundi akarudisha pini mdomoni na kuendelea na upindo.

* * *

Alhamisi mlinzi alimfungulia mlango kabla hajaufikia. Binti wa dirisha la tatu alisimama. Meneja alitoka hadi ukumbini, bila kijiti cha meno, akampokea kwa mikono miwili. "Mama yetu! Karibu ndani. Kwa nini hukusema kama wewe ni shemeji wa kijana wetu? Tungekuwa tunakusumbua hivi?"

Akawekewa kiti chenye mto, na soda baridi. Mama Breki alikaa pembeni ya kiti kama mgeni mwenye haya. Mkoba aliupakata. Tangu utoto hakukumbuka kutaka kitu kama alivyotaka siku hiyo kumwona mtu huyu anaandika.

Meneja akamsogezea barua iliyokwisha kuchapwa. Ilikuwa fupi: gari lilikuwa na bima kwa miaka minne.

"Mimi sikusoma sana, bosi," alisema Mama Breki. "Lakini hospitali wanataka iandikwe habari ya ajali. Wasije wakanirudisha, nikarudi tena kukusumbua."

"Hilo dogo." Akachapa upya. *Hakuna ajali iliyowahi kutolewa taarifa.*

"Na fidia? Fomu yao imetaja fidia."

*Wala hakuna fidia iliyowahi kudaiwa au kulipwa kwa gari hili.*

"Mungu akubariki. Na wameandika kwamba atakayesaini aseme amekagua kumbukumbu yeye mwenyewe. Watu wa hospitali wana maneno mengi!"

Meneja alisita. Vidole vilisimama juu ya herufi. Mama Breki akanyanyua soda, akanywa fundo moja, akatabasamu vile alivyokuwa akiwatabasamia wazazi wa watoto. Basi akaandika: *Nimezikagua kumbukumbu hizo mimi mwenyewe leo.* Akaweka tarehe. Akasaini kwa madaha, mkia mrefu. Akagonga muhuri.

"Naweza kupata mbili? Moja ya hospitali, moja ya kabatini. Makaratasi yananipotea."

Akapata mbili.

Aliposimama, meneja alimshika bega. "Na yale mengine, mama, tumeelewana?"

"Asante, bosi," alisema Mama Breki. Safari hii neno lilitoka laini kabisa.

Garini alizipanga karatasi mapajani. Barua ya Jumanne, iliyotoka halali kwenye mtambo, ilisema uongo. Barua ya Alhamisi, iliyoandikwa kwa ulaghai, ilisema kweli juu ya gari lake. Zote mbili zilikuwa na muhuri mmoja. Na tusimsingizie wema asiokuwa nao: hakuwaza haki wala wateja wengine waliopondewa magari kwenye karatasi. Aliwaza yule mtu aliyecheka kwenye foleni.

* * *

Ijumaa saa tatu asubuhi alipeleka barua ya Alhamisi hospitalini, pamoja na ile ya mwaka mmoja. Mpokeaji akaisoma, akasema, "Hii imekamilika kuliko zote," akaitia kwenye jalada. Kazi ilikuwa imekwisha. Angeweza kurudi nyumbani, akala, akalala.

Saa nne na nusu alikuwa kwenye ofisi ya serikali inayosimamia kampuni za bima, mbele ya mkaguzi, mwanamke mdogo mwenye sauti kavu. Aliweka mezani barua zote mbili. Juu yake nakala za faili. Juu ya nakala, daftari la safari limefunguliwa penye kumi na tisa ya mwezi wa tatu.

Mkaguzi alisoma mara mbili. Alipomaliza akasimama, akafunga mlango, akarudi. "Huyu aliyepokea hundi unamfahamu?"

Hapo palikuwa na nafasi. Angeweza kusema simjui. Angeweza kusema nadhani ni wakala tu. Ilikuwa nafasi ndogo, ya upana wa pumzi moja.

"Ni shemeji yangu," alisema. "Mdogo wa mume wangu. Kila siku anafika kazini saa mbili na nusu. Meneja saa tatu."

Polisi waliwachukua wote wawili Jumatano iliyofuata, saa nne, ofisi ikiwa imejaa. Mama Breki alikuwepo. Aliegesha ng'ambo ya barabara, akashusha kioo. Alimwona meneja akitolewa na askari wawili, yule mlinzi akimshikia mlango kwa mazoea. Binti wa dirisha la tatu alikuwa amejibanza ukutani na kiganja mdomoni. Nyuma akatoka Mtanashati, ndani ya suti mpya ya kijivu, upindo umenyooka kama mstari wa rula. Mama Breki alisubiri huruma ije. Alisubiri kwa uaminifu kabisa. Haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitamu, na alikaa nacho mpaka gari la polisi likakata kona.

* * *

Mkataba wa hospitali ulitoka wiki hiyohiyo. Fundi hakuusoma. Alikuwa ameacha kuzungumza naye isipokuwa ya lazima, na cherehani ilikuwa inalia kutwa barazani kama mtu anayekataa kunyamaza. Siku ya tatu alisimama mlangoni amebeba chombo cha chakula.

"Nipeleke kituoni nikamwone."

Kituoni waliruhusiwa dakika kumi. Mtanashati aliletwa kwenye kaunta bila tai, bila mkanda, bila kamba za viatu. Alipokea chakula kutoka kwa kaka yake, akakiweka chini bila kukifungua, kisha akamtazama shemeji yake.

"Umefurahi?"

Askari wa zamu aliinua macho kwenye kitabu chake. Fundi naye akageuka. Mama Breki alijua jibu linalotakiwa. Alijua hata machozi yangemsaidia, machache tu, ya heshima.

"Ndiyo," alisema.

Walirudi kwenye gari. Fundi alikaa, akafunga mkanda, mikono juu ya magoti. Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta.

"Ulikuwa umeshapata barua," alisema hatimaye, akitazama mbele.

"Nilikuwa nimeshapata."

"Wangekuomba radhi. Angepiga magoti, kama ningemwambia apige. Fedha angelipa. Basi kwa nini?"

Alitafuta namna ya kulieleza lile "asante" la kwanza, jinsi lilivyomkaa kooni mchana na usiku, jinsi alivyokuwa anaamka nalo. Maneno aliyoyapata yalikuwa machache.

"Kwa sababu walinifanya niombe kilichokuwa changu. Na mdogo wako alikuwa chumba cha pili, ananisikia ninavyoomba."

Walipofika kwenye makutano, Fundi alinyoosha kidole. "Nishushe hapo," alisema.

"Nyumbani bado mbali."

"Najua ni mbali."

Mama Breki alianza kukanyaga breki mapema, taratibu, hadi gari likasimama bila kutikisika. Fundi akashuka, akafunga mlango kwa upole, na kuanza kutembea kandokando ya barabara, mabega yake ya kushona yameinama, chombo cha chakula amekiacha kituoni, mikono haijui iende wapi.

Hakumwita. Saa ya garini ilionyesha saba kasoro robo, na saa saba kamili mgonjwa wake wa kwanza, mzee mmoja asiyeweza kusimama peke yake aliyempeleka asubuhi, alikuwa anaondolewa kwenye mashine. Aliwasha taa ya kuingia barabarani, akatazama nyuma, akatazama pembeni, akaondoka.